Nyumba Yangu Imepata Nyota Mbili

Ulipiga hodi saa saba mchana,
jua limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga.
Begani mkoba wa halmashauri,
mkononi kibunduki cheupe kisichotoa risasi,
kinatoa tarakimu.
Ukakielekeza darini. Dari sina.
Ukaandika: hamsini na nane.
Ukanitazama kama daktari anavyomtazama mtu
aliyekuja kwa miguu yake na homa ya kulazwa.

Andika, Tabruki binti Mchopa.
Nakujua, mama yako nilimsuka mimi siku ya harusi yake.
Andika na haya, ambayo fomu yako haikuyatengea mstari:

bati hili ni korosho.
Mwaka ule bei ilipanda
hadi watu wakamuuliza karani wa mizani mara mbili,
Nampunju aliibomoa nyumba ya mama yangu kwa siku moja.
Fito, udongo, makuti ya kuezeka upya kila mara.
"Tumechoka kuishi kama tunaosubiri," alisema.
Tukapandisha tofali za saruji,
tukatia madirisha ya vioo vya kusukuma,
nusu yanafunguka, nusu ni ya majirani kuyaona.
Usiku wa kwanza tulilala sakafuni, mlango wazi,
tukiambizana ni joto la rangi mbichi.
Rangi ilikauka.
Joto likabaki, halilipi kodi.

Kisha ukauliza habari ya luku.
Luku moja, vyumba vitano.
Likwemba akasema: natumia taa moja tu.
(Pasi iko chini ya kitanda, bado ya moto,
na shati alilovaa linamsuta kwa mikunjo yake iliyonyooka.)
Mama Zena: taa moja tu.
Mwalimu wa chumba cha uani: taa moja,
na simu. Na simu ya pili.
Taa tano, mwanangu, zinakula yuniti arobaini kwa wiki!
Ulicheka, hukuandika.
Kwa hilo nimekupenda.
Ukasema umeme huu ni wa gesi ya Msimbati, hautoki mbali.
Ni kweli. Kilicho mbali ni hela yake.

Jokofu ulilikuta linatetemeka kama mwenye malaria,
mlango nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.
Lilikuja juu ya lori, limeshatumika nchi za watu,
na kibandiko chake ubavuni:
ngazi ya rangi, kijani juu, nyekundu chini,
maneno nisiyoyajua.
Nilidhani ni pambo.
Ukaweka kidole kwenye mshale: uko chini kabisa.
Miaka sita, kila Ijumaa,
nimekuwa nikilipangusa vumbi tusi langu mwenyewe.

Ulipoomba maji nikakupeleka nyuma, jikoni,
kibanda cha mama ambacho Nampunju alikisahau,
au nguvu zilimwishia.
Ukuta wa udongo, makuti, mtungi kwenye kona.
Kibunduki chako kikasema ishirini na tisa.
Ukakipiga kofi.
Ukapima tena.
Ukakaa juu ya mbuzi ya nazi, ukavua viatu,
hukusema neno mpaka kata ya pili.
Kisha: "Hiki hakihesabiwi, mama.
Si jengo la kudumu."
Binti yangu, kibanda hiki kimekuzidi umri.

Nyota mbili kati ya tano.
Ukabandika karatasi mlangoni, ukaenda kwa jirani,
nikasikia naye akikuambia: taa moja tu.

Jioni Nampunju aliifunika kwa kalenda.
Asubuhi Likwemba aliifunua,
akaisoma kwa sauti, polepole,
akaniomba nimpunguzie kodi kwa kila nyota iliyokosekana.

Kalenda imerudi. Mambo ndiyo hayo.
Lakini ukipita tena saa saba usigonge mbele.
Zunguka.
Mama Zena yuko kule, anachagua mchele.
Mwalimu anasahihisha madaftari, mgongo umeegemea udongo.
Likwemba amelala mkekani, shati lake amelitundika.
Na Nampunju huja pia, kutafuta chumvi.
Huitafuta mpaka alasiri.