Kusoma Bila Kuchimba

Kabla ya kazi hii niliisoma ardhi.
Miaka tisa kwenye kambi ya gesi, Tierra del Fuego:
tuliupiga udongo kishindo, tukasubiri mwangwi,
nami nikabaki na karatasi zake ndefu
nikionyesha kwa kidole: hapa mchanga, hapa maji,
hapa pana kitu kimelala, msikiguse bado.

Sasa nasoma ngozi.
Chumba kidogo, ghorofa ya pili, Punta Arenas,
upepo ukigonga dirisha kama mdai.

Leo ameletwa mzee Eleuterio Mansilla,
mkata manyoya ya kondoo tangu ana miaka kumi na minne.
Kofia ameivua, ameishika kwa mikono miwili.
Msimu baada ya msimu ameinama,
mnyama kati ya magoti, mkasi mkononi,
kisogo kikiitazama mbingu,
na mbingu ya huku, ifikapo Oktoba,
huvaa nguo iliyochakaa.

Kisogo hakina macho.
Aliyeliona doa ni mjukuu, Maite, akimnyoa jikoni.
"Babu, huku nyuma una ramani."

"Utanikata?" ananiuliza.
Simlaumu. Chuma anakijua.
Anajua mkasi unavyoteleza, kondoo anavyonyamaza
akishakatwa, na lami anayopakwa jerahani.
"Leo sikati, mzee. Leo nauliza tu."

Tone la mafuta. Kipete cha chuma kimebandikwa kisogoni,
kioo, jeli ya baridi (anashtuka, anacheka kwa aibu),
kisha leza, nyekundu, hafifu,
isiyochoma, isiyomwaga damu,
inashuka chini ya unene wa unywele mmoja,
inashuka tena kidogo,
inarudi na habari.

Skrini inajaa kijivu.
Juu kabisa, sega la nyuki: seli kwa seli, kuta zimenyooka,
kila chumba na mwenyewe.
Nashuka. Pete zinang'aa mojamoja
kama midomo ya sufuria zilizoanikwa.
Nashuka. Mpaka hapo ni kijiji chenye adabu.

Halafu, kusini magharibi mwa doa,
pale ambapo jicho langu lilikwisha kupita,
kuta zimevunjika.
Wageni wanene, weupe, wenye mikono mirefu,
wamepanda hadi vyumba vya juu ambako hawana kazi.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakuwa na taa ya kuteremka chini ya nguo.

Mkono wangu unatulia. Zamani, mahali kama hapa,
ningeandika: chimbeni.

Picha ndogo ndogo zinajishona, moja kando ya nyingine,
na mzee anageuka kadiri kipete kinavyomruhusu.
"Huyo ni mimi?"
"Ni wewe. Milimita nane kwa nane."
Anatazama kwa muda mrefu, hivyo nadhani
ndivyo atazamavyo mtu juu ya farasi akihesabu kundi.
"Ni kama pampa wakati wa theluji," anasema,
"ukiiona kutoka kwenye ile ndege ndogo ya Porvenir."
Kisha kidole chake kigumu, chenye kovu la mkasi,
kinagusa skrini palepale. Sikuwa nimemwambia.
"Hawa si wa zizi letu."

Sijui nimjibu nini. Namwita daktari Oyarzún.
Anakuja na kalamu ya buluu, anatazama, anatazama tena,
anachora mpaka uliokwenda kombo,
mpana upande mmoja, mwembamba upande wa pili,
ukifuata walikofika wageni, si pale weusi ulipoishia.
Alhamisi kutakuwa na kisu. Mwanga hauondoi kitu.

Mzee anauliza kama kofia itafuta wino.
Itafuta, namwambia. Ivae hivyohivyo,
ramani ninayo.

Dirishani namwona akivuka barabara,
mkono mmoja kwenye kamba waliyofungiwa wapita njia
siku za upepo kama hizi,
mwingine umeibana kofia, ameivuta chini kabisa,
kisogo kimefunikwa
labda kwa mara ya kwanza tangu miaka kumi na minne.