Birika la Chumba cha Maiti

Bomba limeganda. Sarajevo, Januari,
na birika ni moja.

Mevlida anamwosha shangazi yake, kuume kwanza.
Rena anangoja zamu, sanda ya kitani kwapani.
"Hata sisi," anasema, "kuume kwanza.
Na sanda haina mfuko."
"Yetu nayo haina."

Slavica, aliyekuwa kimya,
anainua gauni jeusi la mama yake:
"Hili lilikuwa na miwili.
Jana usiku nimeishona midomo."

Wanacheka, kisha wanaona haya mbele ya wafu.

Birika linakoroma. Mevlida anachanganya maji,
anachovya kiwiko
kama anayeogesha mtoto mchanga,
kana kwamba aliyelala pale ataungua,
halafu anamsogezea Rena beseni:
"Upesi, yasije yakapoa."