Maji ya Shuka

Kamba ya tatu kutoka mkondoni ilitoka nyeupe.
Niliishika, mwani ukakatika kama tambi zilizosahauliwa jikoni,
vidole vikabaki na ute.
Mize wa shamba la pili hakusema kitu.
Alininyanyulia zake. Zimeota nywele,
nywele za kijani, laini, za mtoto mchanga,
zimeusokota mwani ukafa umekumbatiwa.

Bamvua lile tulivuna gunia moja na robo, Jambiani nzima ya kwetu.
Mnunuzi alitia mkono, akanusa.
"Huu haukauki, mama. Huu unaoza."
Miguu ilituwasha mpaka Ijumaa.

Wakaja watu wa chuo na chupa zenye vifuniko vyekundu.
Kijana mmoja, mpole, suruali kaikunja magotini,
akatueleza: si sumu. Ni chakula.
Naitreti, fosfeti, mbolea ileile ya mpunga.
Bahari yenu, alisema, inalishwa kupita kiasi.
Mize alicheka mpaka akakaa kitako majini.

Mimi nilizaliwa miaka ya foleni ya unga;
njaa naijua kwa jina na kwa ubini.
Shibe inayoua sikuwahi kuitandikia jamvi.
Shibe mwana malevya, bibi alikuwa akisema,
nami nikidhani anasema watu.

Mkutano ulikuwa skuli, darasa la tano B.
Sheha kakalia kiti cha mwalimu.
Meneja kaleta karatasi yenye mhuri:
shimo lao la saruji, lina chujio, limekaguliwa.
Mzee Pandu akauliza,
"Na bomba la nyuma ya bwawa la kuogelea,
lile linaloonekana maji yakipwa,
hilo nalo linachuja, au linatapika?"
Madawati yakapigwa.
Ndipo akasimama Vuai, mlinzi wa getini, na sare yake,
mtoto wa Pandu huyo huyo:
"Mkiziba bomba mmeifunga hoteli.
Watu mia na ishirini tuje tule mwani?"
Wakatazamana, baba na mwana, kama mwaka wa uchaguzi.
Sauti ya nyuma, sikuijua ya nani:
"Na vyoo vyetu je? Mashimo tuliyochimba
kwenye jiwe lenye matundu,
yanamwagikia Tanga?"

Hapo hata feni ilisikika.

Nilikuwa na la kusema. Nikalikalia.
Sihaba wangu hufua pale.
Shuka mia mbili kwa siku, taulo sizihesabu.
Hurudi magharibi, mikono imechubuka,
ananukia ua ambalo kisiwa hiki hakilioti.
Bati hili la juu ni mshahara wake.
Kamba zangu mpya, pia.

Usiku nilimuuliza, maji ya shuka huenda wapi?
Alikuwa akimenya muhogo. Kisu kikasimama.
"Kuna tundu sakafuni, mama. Yanaingia.
Sijauliza."
Akaendelea mpaka ganda refu likaanguka.
"Wewe asubuhi hulikuta povu?"
Nikamwambia, hulikuta.

Akanawa kwa maji matupu.
Akanipaka mafuta ya nazi miguuni, palipowasha,
nami nikampaka vidoleni,
kila kiungo, polepole, kama alipokuwa na siku arubaini.
Hakuna aliyemwambia mwenziwe, acha.

Alfajiri yeye alishika njia ya juu, mimi ya pwani.
Yule kijana wa chuo aliniachia chupa moja,
sijui kwa kusahau au kwa makusudi.
Niliijaza pale bomba linapotokea,
maji ya vuguvugu, yananukia lile ua,
nikaifunga pembeni mwa kanga.

Ipo uvunguni mpaka leo.
Ina karatasi ubavuni, ina mistari mitatu:
mahali, tarehe, jina la mchukuaji.
Mahali nimeandika.
Tarehe nimeandika.