Mwandiko Usio na D

Nyamizi aliingia dukani kwangu, Isevya,
na chupa sita za asali, lebo hana.
Nikamfungulia kompyuta, nikamwonyesha mwandiko
unaojifanya wa mkono: umelalia kulia kidogo,
mikia ya y na g imeachwa ining'inie
kama kamba za viatu vya mtoto aliyetoka shule.
Akasoma *asali ya miombo*, akacheka.
"Huyu aliyeandika hachoki?
Tazama a zake, zote pacha.
Mimi a ya kwanza huwa nene,
ya mwisho nimeshasikia uji unafurika jikoni."

Basi nikampa kalamu ya wino na karatasi ya mistari.
Akaandika herufi zote, kubwa na ndogo,
na alama ya kuuliza iliyopinda kama mpini wa mwavuli.
K yake imetanguliza mguu, ina safari.
Nikazipiga picha, nikazifuta vumbi,
usiku wa tatu mashine ikaandika kama yeye.

Mji ukaupenda.
Ukakaa kwenye mifuko ya karanga,
kwenye ubao wa chai ya maziwa karibu na stesheni,
kwenye kadi za pole.
Haufai barua ya hakimu, hauna shingo ngumu.
Unafaa neno ambalo mtu angelisema
ameegemea mlango, hajaamua kuingia wala kuondoka.
Niliuuza, elfu tano kwa flashi.
Sikumuuliza.

Jumamosi moja akaja na karatasi
aliyoibandua mlangoni kwa Kasanda, jirani yake.
*Ndugu mpendwa, unadaiwa. Siku saba.
Baada ya hapo tunabeba kabati.*
Watu wa mikopo walitaka deni liwe na sura ya shangazi.
"Mkono huu," akasema, akauweka juu ya kaunta,
"umemkopesha Kasanda chumvi miaka kumi na moja.
Haujawahi kumdai."
Feni ikazunguka. Mimi sikuwa na neno.

"Toa d."
"D tu?"
"Wadai bila d, tuone."
"Hata *ndugu* itaharibika."
"Hiyo nitaandika mwenyewe."

Nikaitoa. Nakala za zamani
sikuzipata zote; moja nasikia iko Nzega, inadai.

Siku hizi kadi za harusi hutoka na pengo:
*n oa ya Mihambo na Kalun e.*
Jumanne Nyamizi huja, huvuta kigoda,
hujaza kwa kalamu, kadi mia mbili,
moja moja, akipuliza wino.
D nyingine ina tumbo, nyingine imesinzia,
nyingine imegeuka nusu kuchungulia barabarani.
Juzi moja iliguswa na kidole chenye asali.
Nikataka kuitupa.
Mihambo akaitoa kwenye rundo,
akainusa,
akaitia mfuko wa shati.