Tundu la Gesi

Mwaka wa kumi na saba nilitoboa matundu.
Saint-Étienne, karakana ya tatu, benchi la dirishani,
keekee mkononi, pamba masikioni,
mitutu imelala mbele yangu kama mikate inayongoja tanuri.
Tundu moja kila mtutu, jembamba,
la kupitisha sindano ya kushonea gunia:
hapo moshi wa baruti ungeingia,
usukume chuma, chuma kivute komeo,
komeo liteme ganda, limeze risasi nyingine,
na mkono wa askari ubaki pale pale,
hauna kazi ila kidole.

"Tano mfululizo," alisema msimamizi, Bwana Vialleton,
akihesabu kwa vidole vyenye mafuta.
"Hii ndiyo itakayowarudisha wanaume wenu."
Nikatoboa. Siku nyingine sitini, siku nyingine arobaini,
siku ile iliyokuja barua ya Barthélemy, saba tu.
Bunduki yetu ilifika kikosini kwake
wiki tatu baada ya kaka yangu kufika udongoni.

Jumapili, mkahawani kwa Léonie,
Anselme Peyrachon hupiga meza:
"Laiti zingekuja mwaka wa kumi na nne!
Kila mtu na yake, kabla hatujachimba handaki hata moja!
Vita vingekwisha zabibu hazijavunwa."
Watu huitikia. Ni raha kushinda vita vilivyokwisha,
njiti za kiberiti zikiwa vikosi, divai iliyomwagika ikiwa mto.
Majuto ni mjukuu, sawa;
lakini *laiti* ni babu asiyekufa,
kila Jumapili anataka kiti.

Mimi humuuliza: na matope?
"Matope, ndiyo," husema.
Ilikuwa ndefu kama upembo wa kuangulia matofaa,
ikila klipu zake yenyewe, huwezi kumkopa jirani,
na kwa punje moja ya mchanga hugoma kama punda.
Na mizinga? Barthélemy hakuuawa na mtu aliyemwona.
Kombora lilitoka kilomita saba,
halikuuliza ameshika bunduki gani.
"Mizinga, ndiyo."
Na wao? Ng'ambo ya Rhine
hakukuwa na mwanamke benchi la dirishani,
pamba masikioni?
Hapo Anselme hunywa.

Februari, theluji, mkahawa mtupu,
akaniambia jambo lisilo la mezani.
Nyuma ya kinu kilichoungua alikutana na kijana wa Kijerumani,
hatua kumi na mbili, labda kumi.
Kijana akafyatua kwanza. Akakosa.
Akashika komeo, mikono inamtetemeka:
juu, nyuma, mbele, chini.
"Juu, nyuma, mbele, chini, Philomène.
Miaka kumi na saba naishi humo.
Humo nimeoa, nimepata binti,
nimenunua mbuzi wawili."
Hakusema yeye alifanya nini humo.
Sikuuliza.
Jumapili iliyofuata akapiga meza: "Laiti!"

Na sasa, mwaka wa thelathini na tano, zimerudi,
zimepangwa kwenye makreti, kutu shingoni.
Amri imeshuka kutoka Paris: matundu yazibwe,
askari avute komeo kwa mkono kama zamani.
Hawakusema kwa nini. Amri haina *kwa sababu*.
Benchi ni lile lile; kioo cha dirisha kimebadilishwa.
Msimamizi ni kijana, ananionyesha namna ya kushika kizibo,
hajui nani alitoboa.

Nagonga mara mbili, naweka kando, navuta mwingine.
Mengi ni ya wenzangu. Yangu nayajua:
keekee yangu ilikuwa imelegea,
iliacha mkwaruzo upande wa kushoto, kama ukucha.

Leo asubuhi nimeuona wa kwanza.
Nikaweka kidole juu ya tundu,
kama mtu anayemziba mtoto mdomo
asiseme jambo mbele ya wageni.
Chuma kilikuwa baridi. Hakikusema.
Nikachukua nyundo.