Wano la Kumi na Moja

Ijumaa, baada ya sala, natoa kioo cha friji,
kile cha rafu ya chini, nakifuta harufu ya papa,
nakilaza juu ya zulia.
Zuwena anauliza nyanya zake zikae wapi.
Zikae kwenye sinki. Leo nachagua mawano.

Kumi na mawili, ya mwerezi.
Naviringisha moja moja juu ya kioo.
Lililonyooka halisemi kitu, linapita
kama mtu aliyelipa madeni.
La nne linagonga, ta, ta, ta.
Nalipasha juu ya mkaa wa chetezo,
nalikandamiza kwa gumba, nangoja lipoe;
chumba kizima ubani na utomvu.
Linapita tena. Limenyamaza.

Kisha mizani, ya kuazima,
ya shemeji Mhenna, mfua fedha wa Nizwa,
isiyojali kati ya wano na bangili.
Gramu ishirini na tatu. Ishirini na tatu na nusu.
Nusu gramu, nusu kokwa ya tende,
lakini kwa hatua arubaini inashusha vidole viwili.

Mpwa wangu Yaarubi anacheka.
Yake ya kaboni, kayanunua Dubai,
pacha kumi na wawili wa mashine.
Mjomba, anasema, unaposa au unawinda?

Siwindi. Hapa Bahla paa wana sheria yao,
nami nalenga gunia la vilifu vya mtende
lililosimama ng'ambo ya falaji.
Aliyewinda ni mjomba wangu mimi, Micheweni,
nguruwe waliokula mihogo yake.
Hakuwa na kioo wala mizani.
Alilipinda wano karibu na sikio, akalisikiliza.
"Hili linadanganya," akalitupa jikoni.
Nguruwe hawakubisha.

Mwisho, ugumu. Misumari miwili ukutani,
wano juu yake, katikati kifuko cha dengu,
ratili mbili kamili. Napima linanepa kiasi gani.
La saba linanepa mno.
La kumi na moja linanepa mno.
Uta wangu una nguvu; laini kama hilo
litatoka upoteni likiyumba, likatafute ukuta wa jirani.
Nalitia kwenye fungu la vijiti vya nyanya.

Siku ya nne naliona limevaa.
Manyoya mekundu, chembe, gundi bado inanata,
na shingo imefungwa kwa uzi wa hariri,
ule wa kofia anayomshonea Yaarubi.

Zuwena yuko uani, miguu mitupu, buibui kaifunga kiunoni.
Uta wake ni ule mdogo, wa ratili ishirini na nane,
niliomnunulia nikidhani ataning'inizia taulo.
Anavuta. Anaachia.
Mshale unajipinda ubavuni mwa uta kama samaki,
unajinyoosha hewani,
na gunia linasema: hm.

Haulizi kama nimeona.
Anasema tu, kioo changu kiko wapi.

Nakirudisha kwenye friji, nyanya juu yake.
La saba lilinepa hivyo hivyo.
Nililivunja gotini Ijumaa ile ile,
kabla hata kahawa haijachemka.