Kitu Chenye Tundu

Siku ya tatu hita ikaanza kudondosha.
Si kumwaga, la. Tone, kimya, tone jingine,
kama mtu anayehesabu pesa asizotaka kuzitoa.
Mama akaleta sufuria ya maziwa, ile iliyovunjika mkono,
akaitega chini, akarudi kukaa.
"Hita yako ina mafua," akasema.
Yako. Wiki iliyopita ilikuwa yetu.

Nilimnunulia kwa mkopo wa chama,
lita thelathini, nyeupe, taa nyekundu tumboni,
kwa sababu Julai ya Kiamunyi haina adabu:
ukungu hushuka alfajiri kutoka Menengai
ukaingia bafuni bila kubisha,
na magoti ya mama yana miaka sabini na minne,
na jiko la makaa liko nje, ng'ambo ya ua.

Nikampigia fundi Mukabane. Yuko Rongai, atakuja kesho.
Kesho yuko Njoro. Kesho kutwa
simu yake inaimba pambio, haipokewi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga.
Kuhusu nati hawakusema lolote.
Nikazima swichi, nikapanda stuli
na spana ya kuazima kwa mzee Sigilai, nikakaza.
Tone likaja upesi zaidi.
Nikafungua, nikazungusha tepu nyeupe mara nane,
kama bendeji ya mtoto aliyejikata kidole
na anataka ionekane kubwa. Nikakaza tena
hadi taya zikauma, kana kwamba nilikazia meno.

Tone.

Ukutani, chini ya bomba, maji yetu yalikwisha kuandika
mstari mweupe wa chumvi. Maji haya haya
yaliyotupaka sisi wa Nakuru rangi ya chai kwenye meno.

"Haba na haba," mama akasema, akiibeba sufuria iliyojaa
kwenda kuoshea vikombe.
Hakuwa akinicheka.
Labda alikuwa akinicheka.

Jioni nikamweleza kwa mikono kile ninachoshuku:
kuna kipete kidogo, cheusi, cha mpira,
hukaa ndani ya nati pale bomba linapokutana na tangi,
na fundi mwenye haraka anaweza...
"Kina tundu katikati?"
Kina tundu katikati.

Akainuka (kwa magoti yale, kuinuka ni safari),
akarudi na bati la biskuti lililoliwa na kutu.
Ndani: vifungo vya makoti ya marehemu baba,
senti za kale zilizotobolewa, pete mbili za pazia,
na kipete cheusi, kipya, ambacho hakijawahi kulowa.
"Nilikifagia siku ile fundi alipoondoka.
Nilidhani ni kifungo, nikawa najiuliza cha koti gani.
Situpi kitu chenye tundu," akaongeza,
kana kwamba hiyo ni sheria ya nchi.

Nikafunga koki, nikahakikisha swichi, nikapanda.
Nikaivua bendeji yangu yote,
nikapangusa, nikakiketisha kipete mahali pake.
Kilikaa kama mgeni aliyechelewa
ambaye sahani yake haikuondolewa mezani.
Nati nikaizungusha kwa vidole, kisha kwa spana, robo tu.
Mkono ulitaka zaidi. Nikaukataza.

Tukasubiri, yeye na tochi ya simu,
mimi na kidole changu chini ya kiungo,
dakika kumi, dakika ishirini.
Kidole kikavu.

Usiku huo alioga maji ya moto. Nilimsikia:
akafungulia, akajaza beseni lile lile la bluu,
akafunga, akajimwagia kwa kopo
kama alivyojimwagia maisha yake yote,
na mvuke ukapenya chini ya mlango ukanifikia miguuni.

Asubuhi sufuria bado ilikuwa pale chini, kavu,
na mama amesimama mlangoni na vikombe vya jana.
"Sasa hivi," akauliza, "nitavioshea nini?"